Mpima macho akikataa kukuuzia miwani, huyo mshike

Tangu nilivyofanya kazi kwenye duka la miwani kule Posta, na ni miaka ya nyuma saivi nafanya mambo mengine kabisa, ndugu na majirani hawajaacha kunitumia meseji ya aina moja tu, naomba namba ya daktari wa macho mzuri. Nami nawajibu kwa swali, mgonjwa ana nini? Macho yanamsumbua. Yanamsumbuaje? Hapo wengi wanaona nawazungusha, ila aisee sio kuzungusha, ni kwamba mtu ambaye maandishi ya gazeti yameanza kumpiga chenga ana mtu wake wa kumuona, mtoto mwenye kitu cheupe ndani ya mboni ana mtu wake, bibi ambaye kope zinamchoma ana mtu wake, na fundi aliyerukiwa na chokaa machoni huyo hata namba hahitaji, anahitaji maji mengi sasa hivi, mambo ya namba baadae. Leo nimeamua niandike yote niliyoyaona nikiwa nyuma ya kaunta, mkiniuliza tena nawatumia hii.

Niseme mapema mimi sikuwa mtaalamu. Nilikuwa mapokezi, naandika majina, napokea hela, baadae wakanifundisha kupanga fremu na kuwasaidia wateja kuchagua. Ila ukikaa pale kutwa unasikia kila kitu, na taratibu unaanza kujua nani anaijua kazi na nani anasoma tu namba zilizotoka kwenye mashine.

Kwanza hili la PIMA MACHO BURE, mabango yapo kila kona ya mjini. Hakuna cha bure wadau, gharama ya kupima imejificha kwenye fremu, na hilo mimi silioni kama dhambi, duka lina kodi, lina umeme, lina mishahara. Tatizo linaanza pale aliyekupima analipwa kamisheni kwa kila miwani inayotoka. Mpe mtu kamisheni halafu uone kama kuna mteja atatoka mlangoni akiambiwa macho yako mazima mama nenda nyumbani. Ndo maana nikitaka kujua kama mpimaji wa duka fulani ni wa kumwamini nauliza kitu kimoja tu, huwa anarudisha watu bila kuwauzia? Kama jibu ni hapana, yaani kila anayeingia anatoka na miwani, mimi sipeleki ndugu yangu hapo.

Huyo mpimaji kitaalamu ni mtu wa optometria. Sio daktari wa kupasua na wala sio fundi wa kukata lenzi. Kazi yake ni kupima unaona kiasi gani, kujua kama shida ni namna jicho lako linavyopindisha mwanga (hiyo inarekebishika kwa miwani) au ni ugonjwa, kuandika namba za miwani, na kama ni ugonjwa kukupeleka mbele haraka. Wengi niliofanya nao kazi walisoma KCMC Moshi, na hapa Tanzania wana Baraza la Optometria ambalo ndo linawasajili, sasa kama hujaona cheti ukutani uliza, hakuna aliyewahi kufa kwa kuulizwa cheti. Ile mashine unayoweka kidevu ukaona kapicha ka puto kwa mbali, kanafifia halafu kanarudi, ile inatoa makadirio tu. Anayeijua kazi anaanzia pale halafu anakukalisha kwenye kiti, anakuvalisha yale mafremu mazito ya chuma, anabadilisha kioo kimoja kimoja, hii au hii, ya kwanza au ya pili, mpaka unachoka. Ukipimwa kwa mashine tu ukapewa risiti ya namba ukaambiwa nenda kachague fremu, hapo hujapimwa. Kwa watoto ndo mbaya zaidi, jicho la mtoto linajikaza mashine inasoma namba ambazo sizo, mara nyingi inabidi awekewe kwanza matone ya kulilegeza ndo apimwe.

Kuna kidude kimoja nilikuwa nakipenda sana pale dukani, kipande cha plastiki nyeusi chenye vitundu vidogo vidogo, bei yake hata chai na chapati inazidi. Mteja anasoma chati akiwa mita 6, anakwama, anapewa kile kidude achungulie kwenye kitundu. Akianza kusoma mistari ya chini zaidi, basi habari njema, shida yake ni ya miwani. Asiposoma kitu, anabaki palepale, hapo mtaalamu makini anaweka kalamu chini, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa jicho lina ugonjwa na hakuna miwani itakayomsaidia huyo mtu. (Na mkikuta mmeandikiwa 6/60 msichanganyikiwe, maana yake kile ambacho jicho zima linakisoma likiwa mita 60 wewe mpaka ukisogelee mita 6. Shirika la Afya Duniani wao upofu wanauhesabu chini ya 3/60 kwenye jicho lile lenye afadhali.)

Nakumbuka alikuja mzee mmoja, mwalimu mstaafu, shati limenyooka kweli kweli, kwenye mfuko wa rambo ana miwani kadhaa kila moja ya duka lake. Anasema hii nilipewa mwaka juzi, hii mwaka jana, hii juzi juzi tu, na zote zinafanya kazi mwezi halafu naona giza tena, nipeni yenye nguvu. Bosi alishaanza kumuonyesha fremu. Dada aliyekuwa anapima siku hiyo akampa kile kidude cha vitundu, hola. Akazima taa akachukua oftalmoskopu, kile kitochi chao cha kuchungulia ndani ya jicho, akakaa muda mrefu jicho la kulia, akahamia la kushoto, kimya. Akampima presha ya macho. Halafu akatoka nje akaniambia usimwandikie risiti, akaenda kumwandikia barua ya hospitali. Bosi alinuna siku nzima, na mzee mwenyewe alinuna, anasema nimekuja na hela yangu mnaninyima miwani!

Ilikuwa glakoma, ndo hiyo wengi tunaita presha ya macho, na wala haina uhusiano na presha ile ya kupima mkononi, mtu anaweza akawa na moja asiwe na nyingine. Ugonjwa huu ni mwizi, hauumi, hauwashi, haufanyi jicho kuwa jekundu kwa hii aina tunayoipata wengi, unakula mshipa wa fahamu wa jicho kuanzia pembeni kwa hiyo unaendelea kuona mbele vizuri tu huku kando panafifia, unaanza kugonga milango, unaanza kumwaga chai, watu wanasema mzee kazeeka. Kilichopotea hakirudi hata upasuliwe na nani, matone ya kila siku au upasuaji vinalinda tu kile kilichobaki. Na sisi watu weusi unatupata zaidi na mapema zaidi kuliko wazungu, halafu unatembea kwenye koo, mzazi wako au ndugu yako wa tumbo moja akiwa nao wewe nenda kapime hata kama unaona sindano ya cherehani. Miaka yote ile mzee ananunua miwani, mshipa ulikuwa unaliwa, na kila aliyempima alikuwa na nafasi ya kumwambia. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshakwenda. La kulia lilibaki, anaweka matone. Jambo jingine dogo, baadhi ya matone ya glakoma mfano timolol yanaweza kumletea shida mtu mwenye pumu, kwa hiyo ukipelekwa hospitali usifiche magonjwa yako mengine eti kwa vile umekuja kwa ajili ya macho.

Kisukari nacho kina mtego wake pale dukani. Sukari ikipanda ikishuka namba za miwani nazo zinacheza, mtu anakuja wiki hii anahitaji namba hii, akirudi mwezi ujao sukari imetulia ile miwani haimfai tena anakuja kugomba. Yule dada yeye alikuwa anauliza kabla ya yote, mama sukari yako saivi ikoje? Akiambiwa haijatulia anasema nenda kaitulize kwanza, ongea na kliniki yako, ukikaa sawa rudi tupime. Anapoteza mauzo ya siku lakini mteja harudi kugomba. Na mwenye kisukari, uone vizuri usione vizuri, nyuma ya jicho ile sehemu inaitwa retina inatakiwa kuangaliwa angalau mara moja kwa mwaka, kwa sababu vimishipa vya damu vinaanza kuvuja wewe huna habari, na vikishaharibu sana ndo unaanza kuona madoa.

Haya, barua ya hospitali inakupeleka kwa nani? Kwa daktari bingwa wa macho. Huyu kasoma udaktari kamili miaka mitano, kafanya intern mwaka, halafu karudi darasani angalau miaka mitatu mingine kusomea macho tu, na wapo waliokwenda mbele zaidi wakawa wa retina peke yake, au watoto, au konea (kile kioo cha mbele cha jicho), au kope na mifereji ya machozi. Muhimbili wapo, KCMC wapo, Bugando Mwanza, CCBRT Msasani, Benjamin Mkapa Dodoma, Mbeya. Ila kwa nchi yenye watu wengi kama yetu ni wachache mno na wengi wamejazana mijini, kwa hiyo mimi huwa inaniuma nikiona mtu kapanda basi kutoka mkoani, kalala kwa ndugu, kapanga foleni toka saa kumi na moja alfajiri kumuona bingwa, halafu shida yake ni umri umefika hamsini hawezi kusoma meseji bila kunyoosha mkono. Hiyo dawa yake ni miwani ya kusomea, mtu wa optometria yeyote anaimaliza. Bingwa umuache apasue mtoto wa jicho, atibu glakoma, ashone jicho lililopasuka.

Tukiwa hapo kwenye mtoto wa jicho, kuna imani bado ipo eti usubiri mpaka uive ndo upasuliwe. Hiyo ilikuwa zamani enzi za upasuaji wa aina nyingine. Siku hizi lenzi iliyopata ukungu inatolewa inawekwa ya bandia, ganzi ya jichoni tu, kwa mzoefu haichukui hata saa, na ukisubiri sana ndo inakuwa ngumu na upasuaji unakuwa na shida zaidi. Na hakuna matone yanayoyeyusha mtoto wa jicho, hata kama yana picha ya jicho la bluu kwenye boksi. Kitu ambacho wagonjwa hawakioni ni kwamba kabla ya kwenda chumba cha upasuaji kuna mtu anapima urefu wa jicho lako na mpindo wa konea ili ijulikane lenzi ya nguvu gani iwekwe, na mara nyingi huyo sio bingwa mwenyewe, ni mtu wa optometria au muuguzi aliyefundishwa. Akikosea huyo, bingwa atapasua vizuri kabisa na wewe utatoka unaona mbali kwa shida.

Sasa twende huko ambako bingwa hafiki. Huko kazi imebebwa na watu ambao majina yao hayapo kwenye mabango. Tanzania tuna madaktari wasaidizi wa macho, wenyewe wanajiita AMO wa macho, hawa sio mabingwa lakini wamesomea macho na wapo mikoani wanapasua mtoto wa jicho miaka nenda rudi. Wakenya wana kada yao, klinikali ofisa aliyeongezewa masomo ya upasuaji wa mtoto wa jicho, vijiji vingi vya kule asingekuwepo huyo watu wangekaa gizani tu. Kuna wasomi wa mjini wanaodharau, eti mtu sio daktari bingwa anashikaje kisu, mimi nawaambia nendeni mkakae wilayani mwezi mmoja tuongee.

Halafu kuna muuguzi wa macho. Bibi yangu mzaa mama ni wa Kongwa, Dodoma, na kama una asili ya kule unajua habari ya kibano. Bibi zetu walikuwa wanatembea na kibano kidogo kimefungwa kwa uzi shingoni, wanang'oa kope, maana kikope (trakoma, ule ugonjwa wa macho wa kuambukizana) kikikurudia rudia toka utotoni ukope kwa ndani unapata makovu unajikunja, kope zinageuka zinakwangua kioo cha jicho kila ukipepesa, na hiyo ndo inaleta upofu. Wanawake wanaumia kuliko wanaume kwa vile ndo wanaokaa na watoto wadogo wenye vijidudu. Upasuaji wa kuugeuza ule ukope hausubiri bingwa wala hospitali kubwa, unafanywa na wauguzi na matabibu waliofundishwa, kwenye zahanati, mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kongwa kwa wanaojua mambo ya kikope ni jina kubwa duniani, utafiti umefanyika pale toka miaka ya 1980, na mmoja uliotoka 1995 ulionyesha kwamba kijiji kikipewa dawa halafu kikahamasishwa watoto wanawe uso, kile kikope kikali kinapungua kuliko kutoa dawa peke yake. Tanzania ilikuwa kati ya nchi za mwanzo kupewa zile dawa za Zithromax za msaada mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa hiyo hesabuni vizuri, kwenye ugonjwa mmoja tu wa macho yupo muuguzi mwenye kisu, yupo mgawa dawa wa kijiji, yupo mwalimu anayekagua nyuso asubuhi, yupo na aliyechimba kisima. Bingwa kwenye orodha hiyo ni wa kuitwa mambo yakiharibika.

Turudi mjini kwa fundi miwani, optishiani, maana huyu watu wanamdharau kuliko wote. Namba zinaweza kuwa sahihi kabisa ukaharibiwa na fundi. Yeye ndo anapima umbali kati ya mboni na mboni, ndo anaweka katikati ya lenzi ikae mbele ya mboni yako na sio mbele ya shavu, ndo anajua kwamba lenzi nene kwenye fremu kubwa ya duara itakuwa nzito ikushukie puani. Ukivaa miwani mpya kichwa kikauma wiki ya pili haikomi usikimbilie kusema nimepimwa vibaya, rudi na ile karatasi waangalie kama lenzi zimekaa mahali pake. Zile lenzi za kuona mbali na karibu zisizo na mstari ndo zinataka fundi haswa, milimita chache tu juu au chini mtu anashuka ngazi anaona ngazi mbili. Na ile karatasi ya namba ni yako, umelipia, idai. Kuna maduka yanaificha ili usiende kwa jirani. Ukiona imeandikwa -1.25 hiyo ni ya kuona mbali, yenye kujumlisha ni kinyume chake, ADD ni nyongeza ya kusomea, na huo mstari wa CYL na AXIS ni kwa ajili ya jicho ambalo mpindo wake haulingani pande zote. Basi, hakuna siri.

Blukati je, zile lenzi za kuzuia mwanga wa bluu wa kompyuta na simu? Hili niliulizwa kila siku. Wanakuonyesha katochi ka bluu kanapiga kwenye kadi, ukiweka lenzi hakapiti, unashangaa unalipa. Mwaka 2023 Cochrane, wale wanaokusanya tafiti na kuzichambua, walitoa ripoti kwamba huenda lenzi hizo hazipunguzi uchovu wa macho wa kompyuta ukilinganisha na za kawaida, kwa muda mfupi uliopimwa. Mtu akitaka anunue, hela yake, ila asidanganywe kuwa anajikinga na upofu. Kinyume chake ile miwani ya kusomea ya bei rahisi ya Kariakoo ambayo watu wanaicheka mimi naitetea. Kama umeshaangaliwa macho hayana ugonjwa, na macho yote mawili yapo sawa, +2.00 ya mtaani inakufanya urudi kwenye cherehani. Bangladesh vijijini walifanya utafiti uliotoka 2024, watu wa miaka 35 mpaka 65 wanaofanya kazi za kuangalia karibu, waliopewa miwani ya kusomea bure kipato chao kilizidi kwa asilimia 33 hivi baada ya miezi minane wakilinganishwa na ambao hawakupewa. Nani mwingine anakupa ongezeko hilo.

Duka la dawa. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Mfamasia ni mtu muhimu lakini yeye hana mashine ya kuchungulia jicho lako, na yule kijana anayeuza usiku mara nyingi wala sio mfamasia. Mwaka 2024 mwanzoni pale Dar, Zanzibar na Mombasa watu walipigwa na macho mekundu, kila daladala kuna mtu kavaa miwani nyeusi, na wizara ikabidi itoke iseme acheni kuweka machoni vitu vya ajabu, chai ya rangi, maziwa ya mama, mkojo, jamani. Ule ulikuwa wa virusi, wengi unaisha wenyewe kwa kunawa na kutochangia taulo. Ila kilichonitisha zaidi ya mkojo ni matone yenye steroidi. Yale ukiweka jicho linatulia haraka sana, wekundu unaondoka, unasema dawa ndo hii, kesho unaikumbuka tena, unampa na mtoto mwenye aleji anayejikuna kila msimu wa vumbi. Ukiyatumia muda mrefu bila kuangaliwa yanapandisha presha ya macho na yanaleta mtoto wa jicho hata kwa kijana, na kama lile jicho lilikuwa na kidonda cha fangasi au virusi vya herpes ndo umekimwagia mafuta. Soma boksi, ukiona dexamethasone, betamethasone au prednisolone na hujaandikiwa na mtu wa macho, rudisha.

Watoto. Kitu cheupe ndani ya mboni, au kwenye picha ya flashi jicho moja linatoa mng'ao mweupe badala ya mwekundu, usipitie duka la miwani, usisubiri likizo, nenda hospitali yenye bingwa wiki hiyohiyo, inaweza kuwa mtoto wa jicho na inaweza kuwa saratani ya retina ambayo ikiwahiwa mtoto anapona na ikichelewa inaua. Makengeza nayo sio urembo wala sio baraka kama wanavyosema mabibi. Jicho lililopinda au lenye namba kubwa kuliko mwenzie ubongo unalidharau unatumia lile zuri, na ukiendelea hivyo mpaka mtoto yupo darasa la pili la tatu kulirudisha inakuwa kazi kubwa. Nchi nyingine wana mtu maalumu wa hilo anaitwa othoptisti, kwetu hiyo kazi mara nyingi inaangukia kwa optometria na bingwa wa watoto, wanaziba jicho zuri masaa kadhaa ili lile zembe lifanye kazi. Mama zangu naomba mkiambiwa mtoto azibwe jicho muwe wakali, maana mtoto atalia, bibi atamuonea huruma, kiziba kitatolewa, na yule wa hospitali hatakuwepo pale kuona.

Ajali ndo fupi kuliko zote. Chokaa, saruji, dawa ya choo, maji ya betri, anza na maji safi papo hapo mengi, nusu saa kabisa, halafu ndo utafute hospitali. Kitu kikichoma jicho kikabaki usikivute, funika bila kukandamiza, nenda. Ukianza kuona cheche na madoa mengi ghafla, au pazia linashuka upande mmoja, hiyo ni bingwa siku hiyohiyo, retina inaweza kuwa inabanduka.

Na kuna ambao bingwa kamaliza, miwani imemaliza, na bado kuona ni kidogo. Ndugu zetu wenye ualbino wengi wapo hapa, jicho linachezacheza, mwanga unawaumiza, miwani inasaidia sehemu tu. Watu wengi wanadhani hapo ndo mwisho. Yupo mtaalamu wa uoni hafifu, anakupa lenzi za kukuzia, vidarubini vidogo vya kusoma ubaoni, anamwambia mwalimu huyu akae mbele mbali na dirisha. Mtoto wa jirani yetu alikuwa anaambiwa mvivu wa kunakili, kumbe haoni ubao, alipewa kile kidarubini akawa anaazimisha darasa zima.

Kwa walio mbali na hospitali kubwa, angalieni mwezi wa kumi, Siku ya Macho Duniani inakuwa Alhamisi ya pili ya mwezi huo na wiki ile kambi za macho zinakuwa nyingi wilayani. Mkienda bebeni miwani zote za zamani hata zilizovunjika, chupa za matone mliyowahi kutumia, kadi ya kliniki ya sukari au presha kama ipo, na msiende mnaendesha gari au pikipiki wenyewe, mkiwekewa yale matone ya kupanua mboni mtakuwa hamuoni vizuri masaa kadhaa. Zanzibar mnaoniuliza, Mnazi Mmoja kuna kitengo cha macho, anzeni hapo. Shangazi wa Tanga nimeona meseji yako, hiyo ya kuona duara za rangi kwenye taa na kichwa kuuma usiku usisubiri kambi, nenda kesho.